Kimbilio na Kibanja: Mazingira Asilia katika Fasihi ya Bukoba na Muleba

Uhakiki wa kimazingira unapotumika katika fasihi ya Kiswahili, mara nyingi huja na picha moja iliyokwisha kuchorwa: mtu aliyechoshwa na watu huondoka peke yake, huenda msituni, mlimani au ufukweni, hutulia, kisha hurudi akiwa mpya. Picha hiyo ina kwao. Imelelewa na ushairi wa kilimbwende wa Ulaya na kutiwa nguvu na waandishi kama Henry David Thoreau, aliyehamia kando ya bwawa la Walden, Marekani, mwaka 1845. Swali la makala haya ni iwapo picha hiyo inaweza kusomea fasihi iliyozaliwa magharibi mwa Ziwa Viktoria, hususan katika eneo ambalo leo ni wilaya za Bukoba na Muleba.

Neno lenyewe linatoa dokezo. Kimbilio limetokana na kimbilia, kitenzi ambacho kauli yake ya kutendea hudai mahali pa kufikia; nacho kimbia hudai kitu kinachokimbiwa. Kwa hiyo haitoshi kumwonyesha mhusika akiwa chini ya mti. Ni lazima kujua anakimbia nini na nani amemruhusu kuketi hapo.

Wahaya huigawa ardhi yao kwa namna ambayo mhakiki hawezi kuipuuza. Kuna kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba, na kuna rweya, mbuga ya nyasi iliyo wazi. Katika uwanda wa Kamachumu, vijiji huonekana kama visiwa vya kijani kizito katikati ya nyasi. Rutuba ya visiwa hivyo imetengenezwa: vizazi na vizazi vimebeba nyasi kutoka rweya na samadi kutoka zizini na kuvilaza chini ya migomba. Katika kibanja hicho hicho ndimo wazee wa ukoo walimozikwa. Kivuli chake, basi, ni kazi ya mikono, na anayekiendea hawaachi watu nyuma. Anawaendea, walio hai na waliokufa.

Nje ya kibanja hali ni nyingine. Katika imani za jadi za Wahaya, pori na uwindaji ni milki ya Irungu, na ziwa pamoja na dhoruba zake ni milki ya Mugasha. Mugasha huyo ni miongoni mwa wahusika wa enanga, tendi zinazoimbwa kwa ala ya nyuzi yenye jina hilo hilo, ambazo M. M. Mulokozi alizichunguza katika makala yake ya mwaka 1983 na tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1986. Mijadala kuhusu tendi hizo imejikita zaidi katika ushujaa na utanzu, na ni haki yake. Lakini jiografia yake inastahili kusomwa kwa makini kama huo. Ziwa lenye mwenyewe haliendewi kwa mapumziko. Huendewa kwa adabu na kwa hofu, hofu ambayo wakazi wa Kagera hawakuhitaji kufundishwa na mtambaji yeyote baada ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei 1996.

Riwaya inayoonyesha jambo hili kwa upana zaidi iliandikwa ng'ambo ya ziwa, Ukerewe. Hata hivyo haiko mbali na Muleba: mapokeo ya Wakerewe husimulia kwamba ukoo wao wa kitawala, Wasilanga, ulitoka Ihangiro, na Ihangiro ndiyo Muleba ya leo. Aniceti Kitereza alikamilisha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Tafsiri yake mwenyewe ya Kiswahili ilitoka mwaka 1980. Bugonoka anasimangwa kwa kutozaa, na wazazi wake wanamwondoa. Hapelekwi porini kuzungumza na ndege, bali anarudishwa kwao. Myombekere, ili ampate tena, anatozwa pombe ya ndizi, kwa hiyo upatanisho wenyewe unapitia mgombani. Dawa ya utasa nayo inatoka katika mimea, lakini kwa mkono wa mganga anayeijua. Maelezo marefu ya Kitereza kuhusu kilimo, uvuvi na upishi, ambayo baadhi ya wasomaji huyaona kuwa mzigo, ndiyo yanayoonyesha namna mazingira yanavyomponya mtu: kupitia kazi na ujuzi wa wengine.

Ulinganisho na Nagona (1990) ya Euphrase Kezilahabi, naye wa Ukerewe, unasaidia kwa ufupi tu. Msimulizi wake ni msafiri mpweke, na anaokutana nao ni pamoja na wanafalsafa waliokufa. Huo ni upweke wa fikra. Kuuita pumziko katika maumbile ni kuipunguza riwaya.

Hata hivyo, kibanja kisisifiwe kupita kiasi. Chini ya mfumo wa nyarubanja, uliofutwa kisheria katika miaka ya 1960, wapo waliolima migomba ya bwana mwingine na kivuli chao kilikuwa cha kuazima. Wanawake nao, kwa mujibu wa kanuni za urithi zilizoandikwa mwaka 1963, waliweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yao yote lakini wasiiuze. Kanuni hiyo ilipingwa katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, Muleba, baada ya mwanamke kuuza mwaka 1988 shamba alilorithishwa na baba yake kwa wosia. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mauzo hayo yalikuwa halali.

Bugonoka si Mhaya, na kanuni za Wahaya haziwezi kubandikwa juu yake. Lakini baada ya hukumu hiyo ni vigumu kusoma kurudi kwake nyumbani bila kuuliza angekaa pale kwa haki gani iwapo Myombekere asingemfuata na baba yake akafariki.