Maandamano ya Aida yameporwa

Jirani yangu hapa Kharumwa, kijana dereva wa roli, alikuwa hajawahi kutazama opera. Tulipofika tendo la pili la Aida ya jumba la opera la Metropolitan, ile iliyorushwa Januari 25, 2025, akaniuliza: “Mwalimu, hawa wazungu wanaobeba vitu ndio walioshinda vita?”

Nikasimamisha picha. Sikuwa na jibu, na kosa halikuwa lake.

Mliotazama mnakumbuka. Mwongozaji Michael Mayer ameizungushia hadithi ya Verdi kundi la wachimbaji wa mambo ya kale wa zama za karibuni, wanaoshuka kaburini na kuzurura jukwaani huku wenye kisa chao wakiimba. Hilo ningelimeza. Lakini maandamano ya ushindi yalipoanza, mahali pa ngawira za vita tukaletewa wachimbaji hao wakihamisha vitu vya kale. Hapo alikosea, tena vibaya.

Maandamano yale yana hesabu zake. Verdi alitengenezesha tarumbeta sita ndefu zilizonyooka. Tatu zinaanza kwenye A flati, kisha tatu nyingine zinapokea kwenye B, juu zaidi, na mwili unasisimka hata kama wimbo umeusikia mara mia. Jukwaani nako uzito unapanda: askari, magari ya vita, sanamu za miungu, wachezaji wenye hazina za walioshindwa, jemadari mshindi Radames mwenyewe, halafu mateka Wahabeshi, na nyuma ya mateka wote mfalme wao, Amonasro. Watu wanaingia kwa njia iliyopitisha mali, kana kwamba nao ni mali. Aida, mtumwa wa Wamisri, anamwona baba yake humo, uchungu unamtoka kabla hajajizuia, na baba anamnong'oneza asimtaje cheo. Kuanzia hapo binti amepasuka: Radames anayempenda ndiye aliyemfunga mzazi wake. Sasa toa ngawira, weka makumbusho. Mateka wanaingia, na mtazamaji bado anawaza habari za karne nyingine.

Kwamba onyesho moja hulinyang'anya jingine umati, Usukumani hatufundishwi. Vyama vyetu vya ngoma, Bagika na Bagalu, vikishindana, ngoma hupigwa pande mbili kwa wakati mmoja, na mshindi ni aliyevuta umati. Manju hata awe mchanga kiasi gani, hawezi kumsaidia mpinzani kupiga. Mayer kapiga ngoma zote mbili yeye mwenyewe, na iliyokimbiwa ni ya Verdi.

Hoja anayoitoa kwa wachimbaji hao, ya wizi wa mali za Afrika, ni ya haki. Sisi majirani wa mgodi wa Bulyanhulu, tuliofuatilia makontena 277 ya makinikia, mchanga wenye madini, yalipozuiwa bandarini Dar es Salaam mwaka 2017, tunaijua. Na kama aliutaka mjadala huo, historia ilishamwandalia: kisa cha Aida kilibuniwa na Auguste Mariette, mchimbaji aliyepeleka maelfu ya vitu Louvre, kisha akageuka mlinzi wa mali za kale za Misri. Kurasa mbili za kijitabu cha onyesho zingetosha.

Kosa si la waimbaji: Angel Blue, aliyekuwa Aida, aliimba vizuri, Quinn Kelsey alikuwa baba kweli, na okestra ya Nézet-Séguin haikuwa na dosari.

Nimeshalalamika kuhusu Aida ya Verona, mwaka 2022, Anna Netrebko alipopakwa rangi nyeusi ili afanane na Mhabeshi; Blue huyu huyu alijitoa kuimba La Traviata huko kwa sababu hiyo. Kwangu ugonjwa ni mmoja. Waandaaji hawaamini kwamba Aida anatosha, basi wanampaka, au wanamzungushia watu.

Mwimbaji Leontyne Price hakuhitaji kuzungushiwa mtu. Januari 3, 1985, jukwaa la Metropolitan hilo hilo, siku anaiaga opera akiwa na miaka 57, alifika tendo la tatu, kando ya Nile, mto unaotoka ziwani kwetu, akaimba O patria mia. Makofi yakapigwa dakika kadhaa. Akabaki pale pale, Aida bado hajamtoka usoni. Rekodi ipo, kijana wangu wa roli aliitazama mpaka mwisho bila kuuliza kitu.

Onyesho lililoondolewa ili kumpisha Mayer ni la Sonja Frisell, la mwaka 1988, lililopitisha farasi wa kweli kwenye maandamano. Warudisheni farasi.