Somanga: tundu dogo, maji mengi

Kimbunga Hidaya kiliposogea pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024, wengi tuliogopa upepo. Kilichoitenga Kusini na Dar es Salaam kilikuwa maji. Barabara kuu ya Lindi na Mtwara ilikatika sehemu kadhaa za Wilaya ya Kilwa, Somanga ikiwamo, mabasi na malori yakapanga foleni pande zote mbili. Anayetaka kuzunguka kwa lami kutoka Mtwara hana budi apitie Masasi, Songea, Njombe na Iringa ndipo aione Dar es Salaam. Kwa mwenye mgonjwa, au mwenye tenga la samaki, hiyo si njia.

Tazama ilipokatikia. Rufiji, mto mkubwa kuliko yote kwenye safari hiyo, una Daraja la Mkapa, mita 970, lililofunguliwa mwaka 2003, na daraja lilihimili. Barabara ilishindwa kwenye vijito ambavyo kiangazi mtoto anavivuka bila kulowa magoti. Mto mkubwa tuliuheshimu, kijito tukakipa kalavati.

Fanya hesabu. Bomba la kalavati lenye kipenyo cha mita 1 lina uwazi wa mita za mraba 0.79. Daraja dogo lenye nafasi ya mita 20 kwa kina cha mita 3 lina mita za mraba 60, yaani sawa na mabomba 76. Tena bomba lina ugonjwa wake: gogo moja likinasa mlangoni, matawi na mabua ya ufuta hujikusanya nyuma yake, tundu likaziba. Hapo tuta la barabara linakuwa ukuta wa bwawa, na halikujengwa kwa kazi hiyo.

Maji yakishapanda juu ya lami, kaa uangalie upande yanakoangukia. Yanaporomoka kwenye bega la barabara na kuchimba chini ya tuta, kwenye udongo mlaini. Shimo linarudi nyuma kidogo kidogo chini ya lami. Kwa muda lami inaning'inia kama ukingo wa paa, juu inaonekana nzima, chini hakuna kitu. Ndiyo maana dereva anayejaribu kupita "kwa sababu lami inaonekana" anacheza na roho za watu. Kisha inakatika mara moja, na bwawa lote linapita.

Njia ilirudishwa, na waliokesha kwenye maji wanastahili shukrani. Kazi ya namna hii huanza na mawe makubwa, kwa kuwa udongo ukimwagwa kwenye mkondo unaondoka nao. Mawe hukaa, na maji hupenya katikati yake. Kifusi hufuata kwa matabaka, kila tabaka likishindiliwa kabla ya jingine. Lakini hicho ni kiraka: kinapitisha magari, hakiongezi nafasi ya maji. Aprili 2025 mvua zilirudi Somanga Mtama na kukata njia ya mchepuko, wakati daraja la kudumu likiendelea kujengwa. Kwangu hilo ndilo somo zito la kiufundi. Mchepuko hupewa uwazi mdogo kwa kuwa ni wa muda, ilhali masika hayaulizi kama njia ni ya muda. Mchepuko utakaopita kwenye masika usanifiwe kwa masika.

Msanifu hutegemea rekodi za mvua zilizopita, na rekodi hizo zinazidi kutotosha kadiri hali ya hewa inavyobadilika. Hewa ikiongezeka joto nyuzi 1 hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, kisha huumwaga kwa mkupuo. Vimbunga si vigeni kabisa huku, Lindi ilipigwa Aprili 1952. Januari 2020 Kilwa ilizika watu kwa mafuriko yasiyohitaji kimbunga chochote.

Hapo ndipo vijiji vina kitu ambacho mhandisi hana. Wazee wanaoishi kandokando ya mito ya Matandu na Mavuji wanajua maji yalifika mti gani, mwaka gani. Serikali ya kijiji inaweza kupiga mstari wa rangi kwenye shina la mwembe au ukuta wa shule, ikaandika tarehe, na kudai usomwe kabla daraja halijachorwa. Inaweza kuzibua makalavati kabla ya masika, na kukataza mashamba ya ufuta kufyekwa hadi ukingoni mwa korongo. Kikole na Kisangi, vijiji vya Kilwa vilivyopata cheti cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu, mwaka 2009 kwa misitu yao ya mpingo, vimeonyesha kuwa kijiji kinaweza kusimamia msitu na kupata fedha. Msitu hautazuia mvua ya Hidaya, nisimdanganye mtu. Unachofanya ni kuyachelewesha maji, na kalavati linaloletewa maji kwa saa sita lina nafasi kubwa zaidi ya kupona kuliko linaloletewa maji yaleyale kwa saa moja.

Wakati ujao mafundi wakija na vipimo vyao, wapelekeni kwanza kwenye ule mwembe.