Baba Ameokolewa, Kitabu Kiko Nusu

Hadithi za kishujaa tulizolelewa nazo huisha shujaa anaporudi. Zimwi limekufa, aliyepotea amepatikana, vigelegele vinapigwa. Khadija Abdalla Bajaber, mwandishi wa hapa Mombasa, hakufanya hivyo. Katika riwaya yake ya kwanza, The House of Rust, iliyotolewa na Graywolf Press mwaka 2021, shujaa anafika nyumbani salama huku kurasa tele zikiwa bado hazijasomwa. Kila nikiirudia riwaya hii, uamuzi huo ndio unaonifanya nimvulie kofia mwandishi.

Aisha ni msichana wa Kihadhrami wa Mombasa. Baba yake, mvuvi, ametoka kwenda baharini na hajarudi. Basi binti anapanda chombo kilichoundwa kwa mifupa, akiongozwa na paka wa mwanachuoni, paka anayesema na kubishana, na njiani anakabiliana na madubwana matatu ya baharini. La mwisho ni Baba wa Papa. Anamkomboa mzee wake na kumrudisha. Akishafika, anamkuta bibi yake na shauri la posa: amwoze kijana mwema wa mtaani, apate kutulia. Hapo ndipo Aisha anapoanza kuhangaika kwa dhati.

Sisi wa Kisauni, bara ya kaskazini ya Mombasa, tunaingia katika kisa hiki tukiwa tayari tunajua jambo moja. Nenda ufuoni Bamburi mashua zikirudi, utauona mpaka ambao haukuandikwa popote. Wanaoshuka majini ni wanaume. Mama karanga, wakaanga samaki, wanangoja mchangani na mabeseni yao, na samaki anakuwa wao kuanzia pale: kumpaa, kumkaanga, kumuuza kando ya barabara jua likitua. Ni kazi ya hesabu kali na ya heshima, na watoto wengi wa huku wamesomeshwa kwa karai hilo la mafuta. Hata hivyo mpaka uko pale pale, na mtoto wa kike huujua kabla hajajua kusoma. Aisha anapotia mguu chomboni, msomaji wa bara hii ya kaskazini anahisi mara moja kilichovukwa.

Waandishi wanawake wamehangaika muda mrefu na swali la namna ya kuonyesha nafsi inayovutana na umbo la uanamke ililopewa. Virginia Woolf, katika Mrs Dalloway ya mwaka 1925, alituweka kichwani mwa bibi mmoja wa London kwa siku nzima, mawazo yakifuatana bila kupanga foleni, mke na mwenyeji wa karamu akimkumbuka msichana aliyempenda ujanani. Miaka mitatu baadaye, katika Orlando, alimlaza mhusika akiwa mwanamume na kumwamsha akiwa mwanamke. Hapa Kenya, Rebeka Njau aliandika Ripples in the Pool mwaka 1975. Selina wake anavunjika akili baina ya ndoa, maisha ya mjini aliyoyaacha na mapenzi yake kwa wifi yake, na Njau hapunguzi ukali wa jambo hilo hata kidogo. Wote hawa walitupeleka ndani ya fuvu la mtu na kufunga mlango.

Bajaber amefanya kinyume. Ameyatoa mawazo nje akayapa midomo. Paka anasema, kunguru wanasema, mbuzi nao wana la kusema, kama ilivyo katika ngano ambazo bibi zetu walizianza kwa paukwa na sisi tukaitikia pakawa. Katika ngano paka akisema hakuna anayeshtuka, na mwandishi anaitumia imani hiyo ya zamani kufanya kazi mpya kabisa. Shaka ya Aisha inaweza kumjia ikiwa na makucha na mkia. Anaweza kuijibu, kuikatalia, hata kuikasirikia. Nami naona njia hii inafaa mji huu kuliko ile ya Woolf, ingawa Woolf nampenda. Msichana wa huku haambiwi na nafsi yake kwanza awe nani. Huambiwa na shangazi, na jirani aliyeegemea dirisha, na wale wanaokaa barazani anapopita, na sauti hizo zikikaa sana masikioni hugeuka kuwa mawazo yake. Kuzitenga tena, kujua ipi ni yake na ipi aliazimwa, ndiyo kazi ngumu anayopewa Aisha.

Tazama pia mchumba alivyochaguliwa. Mwandishi asiye makini angemletea Aisha mlevi, au mzee mwenye wake watatu, nasi tungemshangilia binti akikataa. Huyu ni kijana mwema. Hana kasoro ya kumsingizia. Kwa hiyo Aisha hana udhuru wowote wa kujifichia, amebaki na matamanio yake matupu, na inabidi aulize kama matamanio ya mwanamke peke yake yanatosha kuwa sababu. Sijui riwaya nyingi zilizothubutu kumwacha msichana uchi wa hoja namna hii.

Bibi naye hakufanywa adui. Anataka mjukuu apate stara, na anataka kwa mapenzi. Mwaka 1858 Mwana Kupona wa Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa kumwelekeza katika dini na katika kuishi na mume. Bibi wa Aisha anatoka katika ukoo huo wa wanawake wanaowausia watoto wao kwa sababu wanaijua dunia. Baba wa Papa unaweza kusimama ukapambana naye. Mtu anayekupenda na kukuogopea utapambana naye vipi?

Nimesikia wasomaji wakilalamika kwamba sehemu ya nyumbani inakwenda polepole. Ni kweli, na ndivyo inavyopaswa kwenda, maana kukubali au kukataa posa si jambo la siku moja. Waliokipa kitabu hiki tuzo ya Ursula K. Le Guin mwaka 2022, ilipotolewa kwa mara ya kwanza, naamini waliusikia uzito wa mwendo huo. Ningepewa kipindi kimoja na wasichana wa kidato cha tatu wa hapa Kisauni, mapambano na papa ningewaachia wayasome wenyewe nyumbani. Darasani tungeanzia siku Aisha anaporudi, chumvi ikiwa bado mwilini, naye anaulizwa kuhusu ndoa.