Kosa Si la Ki-

Swali hili analijua kila aliyesoma Kenya: andika kwa udogo. Mtu anakuwa kijitu, mtoto anakuwa kitoto, unapata alama zako, unatoka. Shida ni kwamba wengi wetu tulitoka tukiamini ki- ni udogo, basi. Ndiyo maana kuna hoja inayorudi kila tukizungumzia lugha na heshima: eti kipofu, kiziwi na kiwete ni matusi kwa sababu Kiswahili kiliwatoa watu hawa kwenye ngeli ya watu, kikawaweka na viti na vikombe.

Hoja ina uchungu wa kweli, lakini hesabu haijakamilika. Kiongozi je? Kinyozi? Kijana? Nao wana ki-, na sijaskia mheshimiwa yeyote akilalamika. Mwanaisimu Alec Marantz alidai mwaka 1997 kwamba mzizi peke yake si nomino wala kitenzi. Unakuwa kitu ukishaungana na vipande vingine. Mimi naona hata kiambishi hakijitoshelezi. Skiza Nairobi. "Nipee kachai": hakuna anayepima kikombe, ni kuomba kwa upole. "Niko na kabiashara": unyenyekevu, ama kujikinga na wakopaji. "Kale kajamaa": hapo mtu ameshatukanwa. Ka- ni ileile, kazi tatu.

Dharau yenyewe nikiitafuta, naipata mbele kidogo, kwenye upatanisho. Sarufi inasema "kipofu amekuja". Hiyo a- inamhesabu kama mtu, hata jina likianza na ki-. Anayesema "kipofu kimekuja" hajateleza. Amechagua.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Nasi tumetoka kwa kilema tukaja kwa mlemavu, kisha mtu mwenye ulemavu. Viambishi vimebadilika, mzizi ni uleule wa kulemaa. Naunga mkono mabadiliko hayo, maana kutajwa kama mtu kwanza si jambo dogo. Lakini pia nimeskia watoto wakimcheka mwenzao uwanjani wakimwita "mlemavu", m- safi kabisa, upatanisho sawasawa, sarufi haina doa. Sasa hiyo mwalimu ataisahihisha kwa kalamu gani?