Kikapu cha Amosi, tenga la Ilula

Kwa miaka mingi nilikisoma kitabu cha nabii Amosi kwa raha ya kusikia wengine wakisemwa. Kitabu chenyewe kinakushawishi usome hivyo. Kinaanza na Dameski, kinapita Gaza, Tiro, Edomu, Amoni na Moabu. Majirani wote wanapigwa, msikilizaji wa Israeli anaitikia amina, kisha inafika zamu ya Yuda, na kabla hajakaa sawa, zamu yake mwenyewe. Huyu mchungaji na mtunza mikuyu wa Tekoa alijua kupanga hoja kuliko wahubiri wengi niliowasikia.

Ninapotaka kukaa ni sura ya 8. Nabii anaonyeshwa kikapu cha matunda ya kiangazi, anaulizwa anaona nini, anajibu, na anaambiwa kuwa mwisho umewafikia watu. Kwa Kiswahili unabaki kujiuliza kikapu kimehusikaje na mwisho. Kwa Kiebrania matunda hayo ni qayits na mwisho ni qets, maneno yanayokaribiana kwa sauti. Tafsiri zetu haziwezi kulibeba hilo, na mara nyingi ufafanuzi huishia hapo: ni mchezo wa maneno, twende mbele.

Nadhani tunaondoka mapema mno. Nimekulia Ilula, wilayani Kilolo, kando ya barabara kuu ya Iringa kwenda Dar es Salaam, ambako abiria huuziwa nyanya na vitunguu kupitia dirisha la basi. Nyanya iliyoiva haina kesho. Ikishakuwa nyekundu yote una siku chache tu, na dalali anazihesabu vizuri kuliko wewe. Bei inashuka huku anakutazama. Kikapu kilichojaa matunda mabivu kinahesabu siku. Kwa hilo sikuhitaji Kiebrania.

Na tazama kinachofuata: wafanyabiashara wanaongoja sikukuu iishe ili wafungue ghala, wapunguze kipimo, wachezee mizani, wauze na makapi ya ngano. Kwetu ndugu wa dhambi hiyo anaitwa lumbesa, gunia linalojazwa kupita mdomo wake na kulipwa kama gunia moja. Amosi anamsema muuzaji anayepunguza. Lumbesa ni ya mnunuzi anayeongeza. Sheria inaikataza, nayo ipo.

Ningeweza kumalizia hapa kwa kuwalaani madalali, na nyumbani ningeshangiliwa. Tatizo langu ni yale makapi. Nikiwa darasa la tano mama alinifundisha kupanga tenga: majani chini, juu yake nyanya ndogo na zenye mabaka, katikati za wastani, juu kabisa zile kubwa zinazong'aa. Nilikuwa na mkono mzuri. Sare na madaftari yangu ya sekondari yalitoka humo.

Mwezi uliopita nilimsomea mama sura hiyo kwa simu. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Mwanangu, huyo dalali anapodai lumbesa, nabii wako anasema nipange nyanya vipi?"

Nimelitafuta jibu kitabuni sikulipata, na huu ndio upungufu ninaouona kwa Amosi, pamoja na ukali wake wote. Maskini wake wananunuliwa kwa bei ya jozi ya viatu, wanakanyagwa vichwa, lakini hawana mikono. Hawapimi wala hawapangi chochote. Ile mbinu ya kuzunguka majirani hadi kumfikia msikilizaji inamkuta aliyejinyoosha kwenye kitanda cha pembe za ndovu na kuishia hapo. Haishuki hadi kwenye banda letu la nyanya. (Mwisho wa sura ya 9 kuna mizabibu na bustani, na wahubiri huzikimbilia. Kwa swali la mama hazisaidii.)

Mama hakungoja nifikiri. Gari la mzigo lilikuwa linakuja alfajiri, na matenga sita yalikuwa bado hayajafungwa.