Only Yesterday: Taeko anakumbuka, au anatunga?

Kama umezoea katuni za kukimbizana, Only Yesterday itakutesa kidogo. Filamu hii ya Isao Takahata wa Studio Ghibli, iliyotoka Japani mwaka 1991, haina jini wala vita. Taeko, mfanyakazi wa ofisini Tokyo mwenye miaka 27, anachukua likizo mwaka 1982 kwenda kuvuna maua ya kutengenezea rangi huko Yamagata. Safarini anaandamwa na kumbukumbu za mwaka 1966, akiwa darasa la tano. Basi, hadithi ni hiyo.

Lakini hebu angalia michoro. Yamagata imechorwa kwa undani, hadi mikunjo ya uso mtu anapocheka. Utoto umepakwa rangi hafifu, na pembeni picha inafifia kuwa nyeupe. Ndivyo tunavyokumbuka. Mwanasaikolojia Frederic Bartlett alieleza mwaka 1932 kwamba kukumbuka si kufungua kabati na kutoa kitu kilekile. Akili hujenga upya kwa vipande vilivyobaki, na mapengo inayaziba kwa yale tunayoyajua sasa.

Ndiyo maana kisa cha Abe kinanigusa. Abe, mvulana maskini aliyekaa karibu na Taeko darasani, alipohama alikataa kumpa mkono. Miaka yote Taeko ameamini kwamba Abe aliuona unafiki wake: wenzake walimtenga waziwazi, yeye alimdharau kimoyomoyo. Halafu Toshio, kijana wa shambani, anampa tafsiri nyingine: huenda ni kwa Taeko tu Abe aliweza kusema la moyoni. Tukio ni lilelile, maana ni mpya, na Taeko anapata nafuu.

Hapo ndipo ninapogombana na filamu. Inatuachia tuamini kwamba Toshio amegundua ukweli. Jamani, Toshio hakuwepo, na Abe hajaulizwa! Nafuu si ushahidi. Mwishoni watoto wa darasa la tano wanamhimiza Taeko arudi shambani, utadhani yaliyopita yanajua njia. Lakini watoto wale ni Taeko wa leo aliyewajenga. Uamuzi ni wake, na ningependa filamu imwachie mzigo huo.

Hata hivyo itazame, ikiwezekana na ndugu mliyekua pamoja. Kisha kila mmoja asimulie siku moja ya utotoni mnayoikumbuka wote. Mtabishana, na wote mtakuwa na uhakika.