Chokaa Haitaki Haraka

Fundi anaanza kwa kugonga. Anapita ukutani na mpini wa nyundo, shibiri kwa shibiri, sikio karibu na lipu. Panapotoa sauti nzito anapaacha. Panapoitika kwa utupu anachora alama ya mkaa. Nyumba hii ya Mji Mkongwe, Zanzibar, inageuzwa kuwa hoteli, na kabla vitanda na mabomba havijaingia, kuta zake zinasikilizwa kwanza.

Nyumba nyingi za mji huu zimepita njia hiyo. Mambo Msiige, pale Shangani kando ya bahari, ilijengwa katikati ya karne ya 19 kuwa makazi ya tajiri wa Kiarabu. Mwaka 1874 ikawa ubalozi mdogo wa Uingereza, enzi za konseli John Kirk. Baadaye ikawa hospitali, kisha ofisi za serikali, na tangu 2015 ni hoteli. Wenye nyumba hubadilika. Kinachobaki ni mawe ya matumbawe, boriti za mikoko na chokaa inayovishikanisha.

Kwenye alama za mkaa fundi anabandua kwa patasi. Mara nyingi anakuta saruji ya matengenezo ya zamani. Saruji huziba: unyevu wenye chumvi unaopanda kutoka ardhini hukosa pa kutokea, na jiwe lililo nyuma yake likageuka unga. Anaitoa kipande kwa kipande, patasi ameilaza ili isijeruhi jiwe. Mashimo makubwa anayajaza vipande vya matumbawe, kila kimoja akikigeuza mkononi mpaka aone upande unaokaa.

Chokaa yenyewe ilianza safari mapema. Matumbawe yalichomwa tanurini juu ya magogo, kisha yakazimwa kwa maji, yakichemka na kupasuka. Ikalazwa shimoni chini ya maji kwa wiki kadhaa, mpaka ikalainika kama maziwa mgando. Sasa anaichekecha, anaichanganya na mchanga na udongo mwekundu, anaigeuza kwa koleo, anaigeuza tena. Haongezi maji ovyo. Anachota kwa mwiko, anaupindua: mchanganyiko ulioiva hung'ang'ania kidogo ndipo uachie.

Ukuta unanyweshwa maji mpaka ukinai, maana ukuta mkavu hunyonya maji ya lipu na kuipasua. Tabaka la kwanza analirusha kwa mwiko, liingie kwenye mianya. Kisha anatundika magunia mabichi kuzuia jua na upepo, anahamia chumba kingine. Baada ya siku kadhaa anabonyeza kwa kidole gumba: pakibonyea, anaondoka na kusubiri zaidi. Tabaka la pili analinyoosha kwa ubao, akifuata mawimbi ya ukuta wa kale bila kuulazimisha unyooke. La mwisho ni jembamba, la mchanga uliochekechwa vizuri, na analisugua kwa duara ndogondogo mpaka alama za mwiko zipotee.

Juu, boriti zinakaguliwa moja moja. Urefu wa mkoko ndio ulioamua upana wa vyumba, takriban mita 3, ndiyo maana mgeni hulala katika chumba kirefu na chembamba. Iliyooza inatolewa, mpya inaingizwa kwenye tundu lilelile, na tundu linazibwa kwa chokaa.

Haya yote huchukua muda kwa sababu chokaa haikauki tu. Moto wa tanuri uliitoa hewa ya ukaa ndani ya jiwe. Ukutani, polepole, chokaa huivuta tena hewa hiyo na kurudi kuwa jiwe. Hakuna mfanyakazi wa ziada anayeweza kuiharakisha. Kwa hiyo mwenye hoteli anayetaka kufungua kabla ya msimu wa wageni anapaswa kumuuliza fundi tarehe, wala si kumpangia. Fundi huyu anajua kazi ya mikono yake inaishia wapi na kazi ya hewa inaanzia wapi, na ujuzi huo ndio uliozifanya nyumba hizi zidumu kupita kila aliyewahi kuzimiliki.